Picha Inaondoka, Msichana Anabaki

Filamu hii nimeitazama mara tatu, na kila mara nimeinuka na jibu tofauti. Inaitwa In the Name of Your Daughter. Ilitoka mwaka 2018, na mwongozaji wake ni Giselle Portenier, mwanahabari wa Kanada. Imepigwa Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti mkoani Mara, na kwenye vijiji vya jirani. Katikati yake yupo msichana wa miaka 12 aliyetoroka nyumbani usiku wa manane ili asikeketwe na kuozwa, akakimbilia nyumba salama iliyokuwa chini ya Rhobi Samwelly. Filamu inamtaja msichana huyo kwa jina lake kamili. Mimi sitamtaja, na makala haya ni maelezo ya kwa nini.

Utauliza, filamu imefuata nini huku kwenye mambo ya vitabu? Dokumentari ina msimulizi, ina wahusika, ina mgogoro na ina mwisho, kama riwaya tu. Ila kuna tofauti moja kubwa. Rosa Mistika wa Kezilahabi hawezi kuamka kesho asubuhi akakutana kisimani na jirani aliyemaliza kusoma kitabu. Msichana wa Mugumu anaweza. Sisi tukishafunga laptopu tukaenda kula, yeye bado anaishi ndani ya hadithi ile.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kushika kamera mwenyewe, tena vibaya. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari, wilaya ya Tarime. Mwaka mmoja nikajiunga na mafunzo ya wiki mbili ya kusimulia habari za kweli kwa picha na video. Tulikuwa tisa: walimu, kijana mmoja wa redio, wawili wenye studio za picha za pasipoti, na wengine waliokuja tu kwa sababu kulikuwa na chakula cha mchana. Kamera zilikuwa mbili. Waliobaki tulitumia simu zetu.

Siku za mwanzo tulifundishwa mambo ya msingi. Picha ya mbali ionyeshe mahali, ya kati ionyeshe mtu na kazi yake, ya karibu ionyeshe mkono au jicho. Ukishauliza swali, nyamaza, hata kama ukimya unakuwasha. Jua la saa sita mchana pale Nyamwaga linachimba mashimo meusi chini ya macho ya watu, kwa hiyo subiri saa kumi. Rekodi sauti ya kila mahali unapofika hata kama hakuna anayesema, maana ukimya wa Sirari mpakani, na malori yake, si ukimya wa Muriba. Yote haya nayatumia mpaka leo. Kulikuwa na somo moja zaidi ambalo mkufunzi wetu alilirudia kila asubuhi: hadithi ni sura ya mtu, huna sura huna hadithi. Hilo ndilo lililoniponza.

Siku ya nne alituonyesha filamu ya kale ili tuone kazi ya mabingwa. Ilikuwa Serengeti darf nicht sterben, ya mwaka 1959, ambayo kwa Kiswahili tungesema "Serengeti Isife". Watengenezaji ni baba na mwana, Bernhard na Michael Grzimek, waliokuja kutoka Ujerumani na ndege ndogo waliyoipaka milia kama ya punda milia. Walipita juu ya nyika wakihesabu wanyama, na hesabu yao ikaja kujulikana dunia nzima: wanyama wakubwa 366,980, kati yao nyumbu 99,481. Januari 1959 ndege ile iligonga tumbusi ikaanguka. Michael alikuwa na miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na mwaka 1960 filamu ikapata tuzo ya Oscar.

Sitaki kuidharau. Ni filamu nzuri, na mchango wake katika kuifanya dunia iijali Serengeti hauna ubishi. Leo nyumbu wanahesabiwa kwa zaidi ya milioni moja, na hakuna mwenye akili anayetamani warudi kuwa elfu tisini na tisa. Lakini nilikaa pale darasani pamoja na mwalimu mwenzangu, Mwikoma wa Robanda, kijiji ambacho kwacho nyumbu si habari ya sinema. Filamu ilipokwisha hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza, "Sasa sisi tulikuwa wapi siku hizo?"

Ni swali la uhakiki kuliko mengi niliyowahi kusoma. Nyumbu wamehesabiwa mpaka yule wa mwisho, lakini Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, watu ambao wilaya yao leo inabeba jina hilohilo la Serengeti, hawana sauti. Hadithi yote imo kwenye mdomo wa msimulizi mmoja. Watu wa pale wakitokea, wanatokea kama tishio: mtego wa waya, mshale wa sumu, mifugo inayosogea. Naamini sababu moja ni mahali kamera ilipokaa. Ukiwa angani unaweza kuhesabu, lakini huwezi kusalimia. Kutoka kule juu kundi la nyumbu ni uzuri mtupu, na nyumba ya mtu ni doa tu.

Ndiyo maana nilipokutana na filamu ya Portenier, miaka karibu sitini baadaye na katika wilaya ileile, kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba kamera imeshuka chini. Inapanda gari usiku pamoja na Rhobi na askari polisi kwenda kumchukua mtoto kijijini. Inakaa kwenye benchi. Inasubiri. Na watu wanasema wenyewe, kwa Kiswahili kile cha Mara ambacho kina uzito wa Kikurya ndani yake, bila kupewa maneno na mtu.

Kwa msomaji asiyejua hali ya huku, niseme kidogo. Msimu wa ukeketaji ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 28. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15. Aliyekeketwa huleta ng'ombe wengi zaidi akiolewa. Kwa hiyo mtoto anayetoroka anaikimbia mila, na papo hapo anaondoka na mali ya familia, na mbele yake kuna uwezekano wa baba yake kwenda jela. Kumbuka hilo la jela, nitalirudia.

Sehemu bora ya filamu, kwangu mimi, ni vikao vya usuluhishi. Msimu ukiisha, wazazi wanaitwa, wanakaa mbele ya binti yao, wanaulizwa kama wataahidi kutomkeketa, na wakikubali anaruhusiwa kurudi. Msimulizi mvivu angetupa baba katili na mama mnyonge. Hapa tunaona wazazi wanaompenda mtoto na wanaotaka kumkata. Kauli zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na filamu haikimbilii kututatulia. Inaacha sekunde ziende. Unamtazama mzazi akiahidi, kisha unamtazama mtoto akiisikiliza ahadi hiyo, na unajikuta na wewe unaipima. Yule mkufunzi wetu alisema ukimaliza kuuliza nyamaza. Pale niliona faida yake.

Rhobi naye hajachorwa kama malaika. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13 na alinusurika kufa. Analisema bila kulia na bila kutaka tulie. Na ana kazi ngumu kuliko ya mwokozi: inambidi awe rafiki wa watoto na pia asiwe adui wa wazazi, kwa sababu wao ndio watakaobaki na watoto hao gari la polisi likishaondoka.

Hata jina la filamu nalipenda. "Kwa jina la binti yako." Anayezungumziwa ni binti, lakini anayeambiwa ni mzazi. Ni maneno ya kumsimamisha baba mlangoni. Lakini sasa ndipo wasiwasi wangu unapoanza, maana binti huyo jina lake limo ndani ya filamu, na sura yake imo, na kijiji kinajulikana.

Nirudi Tarime. Wiki ya pili ya mafunzo ilikuwa mapema Desemba, na kila mmoja wetu alitakiwa atengeneze video ya dakika nne. Nilipata ruhusa ya kwenda kituo kimoja kilichokuwa kimepokea wasichana kwa msimu ule. Nikakaa na msichana mmoja, nitasema tu alikuwa darasa la sita. Alikuwa mcheshi kuliko nilivyotarajia. Alinieleza alivyotoka, saa ngapi, alipopita, alivyojificha gari lilipopita akidhani ni la mjomba wake. Nilikuwa na fomu ya idhini mkononi. Chini imeandikwa: saini ya mzazi au mlezi.

Nikaduwaa. Mzazi ndiye aliyekuwa anakimbiwa. Mlezi kwa wakati ule ni kituo, na kituo kina nia njema, lakini pia kinahitaji watu wakijue ili kiendelee kupata magodoro na unga. Na mtoto mwenyewe? Mtoto aliyefika juzi usiku, akapewa uji na blanketi, atamwambia nani hapana? Idhini ya namna hiyo nampa nani lawama? Wote walikuwa watu wema. Fomu ilitiwa saini, nikapiga picha.

Niliporudi baada ya siku mbili kumwonyesha, nilijiona mjanja. Sura nilikuwa nimeificha. Nilimpiga kwa nyuma, mwanga ukitoka dirishani, jina nilimbadilisha, sauti niliishusha. Nilikuwa na picha moja ya karibu niliyoipenda sana, ya miguu yake kwenye ndala za bluu, moja imeshonwa kwa uzi mweusi. Akatazama mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudishe nyuma.

"Mwalimu, hizi ndala alizishona bibi. Baba akiziona tu atajua."

Nikamwambia nitaitoa. Akaendelea. Pale ninaposema nilivuka kwenye mawe, toa, kwa sababu njia hiyo tunaijua wachache, na mdogo wangu ataitaka siku moja. Na hiyo ya jogoo, toa. Kwa nini jogoo? Akacheka: jogoo wa jirani yao analia vibaya, kijiji kizima kinamjua, na mimi nilikuwa nimeirekodi sauti hiyo nilipopita kijijini kwao kutafuta ukimya wa mahali. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Nikishakuwa mkubwa, utanitoa kabisa?"

Video ilibaki dakika moja na sekunde arobaini. Mkufunzi alisema imekufa, haina sura wala mahali. Alikuwa sahihi kwa kipimo chake. Mimi niliona kwamba mhariri hodari kuliko wote kwenye mafunzo yale hakuwa amelipiwa nauli. Alijua kipi kinasimulia na kipi kinachoma. Sisi tuliita vitu hivyo picha za kujazia. Yeye alijua kwamba ndala ni anwani.

Watu wa Kanda ya Ziwa tungepaswa kulijua hili mapema, maana tulishaumwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, ambayo sisi huku tuliizoea kwa jina la filamu ya mapanki, kuhusu biashara ya sangara wa Mwanza. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaishutumu hadharani, watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Ugomvi ulikuwa juu ya ukweli: je, ndege za minofu zilileta silaha au hazikuleta? Mimi leo siingii huko. Ninachokumbuka ni kwamba filamu ilipanda ndege ikaenda kwenye matamasha, na walioonekana ndani yake wakabaki Mwanza kujibu maswali. Mwanahabari wa Kitanzania aliyehojiwa humo alipata misukosuko ambayo mwongozaji, akiwa Ulaya, hakuipata. Nani alikuwa mkweli ni swali moja. Nani alilipa ni swali jingine, na wahakiki wa nje hawakulichangamkia hilo la pili.

Je, suluhisho ni kumpa kamera mwenye hadithi? Kuna mfano mzuri Nairobi. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong, pamoja na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, walianzisha mradi wa Shootback. Watoto walipewa kamera za plastiki za bei rahisi wakapiga mitaa yao na kuandika maneno yao wenyewe chini ya picha, na kitabu kikatoka mwaka 1999. Ukiwa na picha za namna hiyo mkononi huoni "mtoto wa mitaa ya mabanda". Unaona mtu aliyechagua asimame wapi. Naupenda mradi ule na natamani ungekuwapo Tarime. Lakini hautatui fundo langu lote. Msichana anaweza kujipiga picha mwenyewe, kwa furaha kabisa, na picha hiyo ikaja kumkuta akiwa na miaka 25 kwenye ukumbi wa harusi. Kushika kamera kunakupa mamlaka ya siku ile. Mamlaka ya miaka inayofuata ni jambo jingine.

Huwa nafikiria wapiga litungu wa Kikurya. Naye ni msimuliaji wa habari za kweli. Anataja watu kwa majina, ukoo na ng'ombe wao, na kutajwa ni heshima, mtu anaweza hata kutoa fedha ili atajwe. Lakini mpiga litungu anaishi palepale. Akikosea, kesho anakutana na mwenye jina. Akiambiwa na wazee jina fulani liache, mwaka unaofuata wimbo huohuo unapigwa bila jina hilo, na hakuna anayepoteza kitu. Wimbo unaweza kusahau. Filamu ya mwaka 2018 haiwezi. Imo kwenye mashine za watu tusiowajua, na msichana yule ataendelea kuwa na miaka 12 humo hadi atakapokuwa bibi.

Basi niseme hukumu yangu waziwazi, maana mhakiki anayezunguka tu hana faida. In the Name of Your Daughter ni filamu ya makala bora zaidi niliyoiona kuhusu mkoa wa Mara. Kwa usimulizi, kwa subira, kwa namna inavyowaheshimu hata wanaokosea, inawashinda wengi, ikiwamo ile ya ndege ya milia. Najua pia hoja ya upande wa pili, na ina nguvu: miaka mingi watoto hawa walifichwa, waliofariki walizikwa kimyakimya, na msichana anayesimama na kusema "nilikataa" kwa jina lake anavunja ukimya huo. Sura iliyofichwa huonekana kama sura yenye aibu, na yeye hana la kuonea aibu. Nimewasikia wanawake watu wazima wa Tarime wakisema hivyo, na siwezi kuwabishia.

Lakini wao ni watu wazima. Mtoto wa miaka 12 ambaye sheria inaweza kumpeleka baba yake gerezani miaka 5 hadi 15 si mhusika tu, anaweza kuwa shahidi. Kila fremu yake ni ushahidi kwa polisi, kwa ukoo, kwa wachumba wa baadaye. Nadhani filamu ingepoteza kitu kidogo sana kama ingemwita kwa jina jingine na kututosheleza na sauti yake. Ile sauti inayosita kabla ya neno "nyumbani" ingenitosha mimi. Rhobi ni mtu mzima, ameamua, aonekane. Wazazi waliotia ahadi mbele ya kamera, waonekane pia kama wameridhia. Mtoto apewe nafasi ya kuomba irudishwe nyuma.

Kwa yeyote anayejifunza kazi hii, na najua mnasoma wengi mnaopiga video kwa simu, nina ombi moja. Ukimaliza kuhariri, kabla hujaipeleka popote, ichukue mpaka kwa mwenye hadithi. Usimtumie kiunganishi tu. Kaa naye, mwachie kitufe cha kusimamisha, na umwambie mapema kwamba anachotaka kitoke kitatoka. Video yako itapungua, pengine ile picha unayoipenda ndiyo itakayoondoka.

Ile yangu ya dakika moja na sekunde arobaini sijaionyesha tena. Imo kwenye kadi ndogo ndani ya bahasha, kwenye droo ya meza yangu. Mwenyewe sasa ameshafika umri wa kujiamulia. Nimemtumia ujumbe kupitia walimu wake wa zamani kwamba kadi ipo, na kwamba akiitaka ni yake, aitunze au aivunje.

Bado hajajibu. Kadi ipo palepale.